Ufunguo ukigoma: kutafuta kosa unapotambua uyoga wa nyasi kwa hadubini

Swali la 14 la ufunguo, yaani ile orodha ya maswali inayokuongoza hatua kwa hatua hadi kwenye jina la uyoga, linauliza kama spora zina tundu la kuotea au hazina. Unachungulia: kama lipo. Unazungusha skrubu kidogo: kama halipo. Macho yamechoka, umeme nao unawaka na kuzima, unaandika "halipo" yaishe. Maswali matatu mbele ufunguo unakuambia kwamba uyoga uliouchuma asubuhi kwenye malisho ya Kisongo ni ule unaoota kwenye matuta ya mchanga ya pwani ya Uholanzi.

Hapo wengi hufunga daftari. Mimi hurudi nyuma, na karibu kila mara nakuta kosa lilianza kabla sijaugusa ufunguo: kofia ilikuwa changa, slaidi ilikuwa chafu, kipimo sikukihakiki. Kwa hiyo soma mwongozo huu kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, pita kwenye visababishi, kisha rudia hatua ile tu iliyoharibika.

Naandika nikiwa Arusha, na uyoga ninaousema ni ule wa nyasi za huku: malisho ya Kisongo na Monduli, viwanja vya mpira vya Tengeru na Usa River, nyika za kuelekea uwanja wa ndege wa KIA, mpaka bustani za nyumbani Moshi. Msimu wake mkubwa ni masika, Machi hadi Mei, halafu kidogo wakati wa vuli.

Kama shida yako ni kitoweo, mwongozo huu haukufai. Kuna uyoga wenye sumu ambao dalili zake hungoja saa 6 hadi 12 au zaidi, wakati ini limeshaanza kuumia, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukausha. Mtu akishakula na kuanza kutapika, mpeleke hospitali na mabaki ya uyoga wenyewe kwenye karatasi. Usimngojeshe wewe ukitafuta slaidi.

Maneno machache kwanza. Vile vipande vyembamba vilivyojipanga chini ya kofia kama kurasa za kitabu nitaviita matamvua, kama ya samaki. Spora ni chembe za uzazi zinazodondoka kutoka kwenye matamvua hayo. Usizichanganye na "mbegu za uyoga" wanazouziwa wakulima, kwani zile ni nyuzi za uyoga zilizooteshwa kwenye nafaka. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Dalili: spora hazionekani, au zipo tano tu

Mara nyingi uyoga ni mchanga. Kofia ambayo bado imejikunja, au ambayo utando wa chini haujachanika, haijaanza kumwaga spora. Kikapu chako kiwe na uyoga wa rika zote: mmoja mchanga kwa ajili ya kuona utando na pete, mmoja uliokomaa kwa ajili ya spora. Ukibeba ule mzuri wa katikati peke yake, umejinyima vyote viwili.

Sababu ya pili ni ukavu. Uyoga uliokaa kwenye dashibodi ya gari kutoka Monduli hadi mjini umeshakauka, na uyoga uliokauka haumwagi. Ubebe kwenye mfuko wa karatasi au kikapu, kamwe usiutie kwenye mfuko wa plastiki, ambamo hutoa jasho na kuoza. Sababu ya tatu ni kwamba umekata mahali pasipohusika. Nimewahi kukaa nusu saa nikitafuta spora kwenye ngozi ya shina.

Dawa ni moja: chukua chapa ya spora. Kata shina, weka kofia juu ya kipande cha kioo, matamvua yakitazama chini. Dondoshea tone la maji juu ya kofia na uifunike kwa bakuli. Acha usiku kucha. Arusha mwezi Juni na Julai kuna baridi, na uyoga mwingine huhitaji siku nzima. Moshi, ambako kuna joto zaidi, saa sita zinaweza kutosha, ila mabuu nao wanafanya kazi haraka vilevile. Kofia iliyokwisha kutobolewa asubuhi itakuwa uji jioni.

Kioo ni bora kuliko karatasi. Chapa nyeupe kwenye karatasi nyeupe haionekani, na ukiona karatasi iko tupu utasema hakuna spora. Kioo unakiinua, unakiweka juu ya kitu cheusi, kisha juu ya kitu cheupe. Ukimaliza unakwangua unga wake kwa wembe na kuurundika mahali pamoja, kwa sababu rangi ya kweli huonekana spora zikiwa nyingi.

Dalili: chapa imetoka, lakini rangi yake haiendani na ninachokiona

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo uyoga wa nyasi za huku unapowashinda watu.

Mwaka mmoja wakati wa masika, kwenye uwanja wa mpira wa Tengeru, ulitokea uyoga mkubwa mweupe uliojipanga kwenye duara karibu kamili. Kofia zilikuwa pana kama sahani ya chai, zina magamba ya kahawia katikati, na shina lina pete unayoweza kuisogeza juu na chini kama pete ya kidole. Mama mmoja alikuwa anakata majani ya ng'ombe pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huo unaliwa?"

"Bado sijaujua, mama."

"Mbona ni mweupe? Si wenye sumu ni wale wa rangi rangi?"

Weupe haukuambii chochote kuhusu sumu. Nilimwambia hivyo, akanitazama kama ninayemficha chakula.

Nyumbani nilikata tamvua moja, nikaitia kwenye maji, nikaangalia. Spora zilikuwa angavu, karibu hazina rangi. Ufunguo uliuliza: spora zina rangi au hazina? Nikajibu hazina. Ukanipeleka moja kwa moja kwenye Macrolepiota, jenasi (yaani kundi la spishi zenye undugu) yenye uyoga mkubwa wa pete inayosogea, na baadhi ya spishi zake zinaliwa. Ningeishia hapo ningekuwa nimekosea vibaya.

Asubuhi nikafunua bakuli. Kioo kilikuwa na miduara ya unga wa kijani, kijani cha majani ya mgomba yaliyoanza kufifia. Uyoga mkubwa wa nyasini wenye chapa ya kijani hauna wengi wa kufanana nao: ni Chlorophyllum molybdites. Ulielezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka 1818 na umeenea kwenye nyasi za nchi nyingi za joto. Mtu akiula hutapika na kuendesha vibaya, kwa kawaida ndani ya saa 1 hadi 3.

Kosa langu lilikuwa nini? Rangi ya spora huulizwa kwa maana mbili. Kuna rangi ya unga mwingi kwenye chapa, na kuna rangi ya spora moja iliyoangazwa na taa kutoka chini. Spora moja ya uyoga huu haina kijani cha kutosha kuonekana. Kwa upande mwingine, Panaeolus, ule uyoga mdogo wenye kofia kama kengele unaoota kwenye kinyesi cha ng'ombe, chapa yake ni nyeusi kama masizi, lakini chini ya lenzi spora moja huonekana ya kahawia iliyokolea. Kabla ya kujibu swali la rangi, soma tena kama mwandishi wa ufunguo anazungumzia chapa au spora moja moja. Funguo nzuri husema.

Kosa la pili lilikuwa kuamini matamvua. Ya uyoga huu huwa meupe kwa siku za kwanza, ndipo yanapoanza kuwa ya kijani-kijivu. Vivyo hivyo kwa Volvopluteus, uyoga wa nyasi wenye kofia inayoteleza na kikombe chini ya shina: matamvua yake meupe hugeuka waridi baadaye. Akiwa mchanga anafanana na Amanita, jenasi yenye wauaji, ambayo chapa yake ni nyeupe. Na kama uliung'oa badala ya kuuchimba, kikombe kimebaki ardhini na wewe hata hujui kilikuwapo. Beba kisu au kijiko kigumu.

Chapa peke yake inakata nusu ya kazi. Kahawia ya chokoleti ikiwa na pete: elekea Agaricus, ndugu wa uyoga wa vifungo wa supamaketi. Kutu: Conocybe na jamaa zake. Kahawia ya tumbaku: labda Agrocybe. Waridi hafifu, na shina lina mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye kichuguu: Termitomyces, ule ambao watu wa huku huuita uyoga wa vichuguu. Nyeupe ndiyo yenye kazi, kwa sababu uyoga mwingi sana una chapa nyeupe.

Dalili: picha ina ukungu kwenye lenzi ya 100

Lenzi ya 10, ya 40 au ya 100 ni ile inayokuza mara hizo. Kagua kwa mpangilio huu, maana ndivyo yanavyotokea mara nyingi mezani kwangu.

Slaidi imepinduliwa. Usicheke. Kioo cha kufunikia kikiwa upande wa chini, lenzi ya 10 itaona vizuri, ya 40 itaona kwa shida, na ya 100 haitafika kabisa.

Nyama ni nene. Kipande unachoweza kukiona unene wake kwa macho ni kinene mno. Gonga kioo cha kufunikia taratibu kwa ncha ya raba ya penseli mpaka kipande kitawanyike.

Mafuta ya kula. Lenzi ya 100 imetengenezwa kufanya kazi ikiwa imezama kwenye mafuta ambayo mwanga hupinda ndani yake sawa na ndani ya kioo, yaani kipeo cha 1.515 hivi. Mafuta ya alizeti yako karibu 1.47. Yataonyesha kitu, ndiyo, lakini kingo za spora zitakuwa laini, na yakikaa wiki mbili yanaganda kwenye lenzi kama gundi. Kichupa kidogo cha mafuta halisi hudumu miaka. Ukimaliza futa kwa karatasi ya lenzi, usitumie ncha ya shati.

Lenzi ya 40 imelowa mafuta. Hii hutokea ukirudi kutoka 100 kwenda 40 bila kufuta slaidi. Ukiona 10 iko safi na 40 ina ukungu, hilo ndilo tatizo.

Mwanga umezidi. Spora angavu kwenye mwanga mkali hupotea kama kipande cha barafu ndani ya glasi ya maji. Funga kidogo tundu la mwanga lililo chini ya meza ya hadubini mpaka kingo zijitokeze. Kwa wenye hadubini ya kioo cha kuakisi: elekeza kioo kwenye anga au ukuta mweupe, kamwe usielekeze kwenye jua lenyewe. Jicho halina spea.

Dalili: tundu la kuotea lipo, halipo, lipo

Hili ndilo swali la 14. Tundu la kuotea ni sehemu nyembamba kwenye ncha ya spora, na kwenye spora nyingi hufanya ncha ionekane imekatwa bapa, kama yai lililokatwa kidogo juu. Unaliona vizuri spora ikiwa imelala ubavu. Ikiwa imesimama inakutazama, huoni kitu ila duara.

Kwa hiyo usitazame spora moja ukaamua. Gusa kioo cha kufunikia kwa ncha ya sindano huku ukichungulia. Spora zitabingirika, na ile uliyokuwa unaibishania itakuonyesha ubavu wake. Tazama angalau kumi. Kumbuka pia kwamba ncha ya upande wa pili ina kijipembe kidogo, pale spora ilipokuwa imeshikiliwa. Wanaoanza huona kijipembe hicho na kuandika kuwa ndilo tundu.

Dalili: vipimo vyangu havilingani na kitabu

Kama spora zako ni kubwa mara mbili na nusu ya zinavyotakiwa, usihangaike na biolojia. Umetumia kipimo cha lenzi nyingine. Mistari iliyo ndani ya lenzi ya jicho haina urefu wake yenyewe. Lazima uilinganishe na slaidi ya kupimia, ile yenye milimita moja iliyogawanywa mara 100, kila nafasi maikroni 10. Kwenye hadubini yangu, nafasi 40 za jicho kwa lenzi ya 40 zinalingana na nafasi 10 za slaidi, yaani maikroni 100. Kila nafasi ni 2.5. Kwa lenzi ya 100 kila nafasi ni 1. Spora ya nafasi 10 kwenye lenzi ya 100 ina maikroni 10. Ukiizidisha kwa 2.5 kwa mazoea, umepata spora ya 25 na safari ya kwenda Uholanzi imeanza. Andika namba hizo kwenye plasta na uibandike kwenye shingo ya hadubini.

Huna slaidi ya kupimia? Iazime siku moja kwenye maabara ya chuo, ulinganishe lenzi zako zote, uandike, urudishe. Halafu kwa kujihakiki kila mara, nunua uyoga wa vifungo supamaketi, uache ufunguke, uchukue chapa. Spora zake zina urefu wa takriban maikroni 6 hadi 9. Ukipata 15, tatizo liko mezani kwako.

Tofauti ikiwa ndogo, visababishi ni vingine. Ulipima kijipembe pamoja na spora; usikihesabu. Ulipima spora zilizo kwenye tamvua, ambazo nyingine hazijakomaa. Pima za kwenye chapa. Ulipima sita tu, tena zile kubwa zilizokuvutia. Pima 20 au 30 kama zinavyokuja, zote za ubavu. Kisha gawanya urefu kwa upana wa kila moja. Uwiano huo husaidia kuliko urefu peke yake, kwa sababu hata ukikosea kipimo kidogo, umbo halibadiliki.

Kuna sababu moja nzuri ya kibiolojia pia. Seli zinazobeba spora kwa kawaida hubeba nne. Zikibeba mbili, spora huwa kubwa zaidi. Uyoga ule wa supamaketi unaitwa Agaricus bisporus kwa sababu hiyo hasa: spora mbili mbili. Kwa hiyo spora zikizidi kitabu kwa kiasi, rudi kwenye tamvua uhesabu vijipembe juu ya seli.

Zile za uwanjani Tengeru zilikuja kati ya 9 na 11.5 kwa urefu, zina ncha bapa. Za Macrolepiota procera kwa kawaida zinavuka 12, na kwenye nyuzi zake chini ya seli za spora kuna vifundo vidogo kama kishikizo cha begi. Uyoga wangu haukuwa na kifundo hata kimoja. Laiti ningepima na kutafuta vifundo siku ileile, ningeshtuka kabla ya asubuhi.

Dalili: ayodini haibadilishi rangi

Funguo nyingi huuliza spora zinafanyaje kwenye dawa ya Melzer, yenye ayodini, iliyobuniwa na Václav Melzer wa Chekoslovakia mwaka 1924. Spora zikiwa za bluu hadi nyeusi, huitwa amiloidi. Zikiwa za kahawia-nyekundu, dekstrinoidi. Zikibaki na unjano wa ayodini yenyewe, hakuna mwitikio.

Tatizo la huku ni kwamba dawa hiyo ina klorali haidrati, dawa ya usingizi ya zamani yenye sumu, isiyopatikana ovyo. Wengi tunatumia ayodini ya Lugol kutoka maabara za hospitali. Kwa kuonyesha bluu inafaa mara nyingi. Kwa kahawia-nyekundu usiiamini: ikionyesha, vizuri, isipoonyesha, andika "haikupimika", usiandike "hakuna". Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya matawi mawili ya ufunguo.

Kagua kama ayodini yako bado hai. Tia punje ya unga wa sembe kwenye tone lake. Isipogeuka bluu-nyeusi, chupa imekufa, mara nyingi kwa sababu ilikaa dirishani kwenye mwanga.

Kosa jingine la kawaida: slaidi ileile iliyokuwa na potasiamu haidroksaidi, dawa ya kulainishia vipande vikavu, ndiyo unayoidondoshea ayodini. Dawa hizo mbili hazikai pamoja. Tone hugeuka maziwa au rangi yote hutoweka. Tengeneza slaidi mpya, na kama kipande kilikuwa kikavu, kilainishe kisha kisuuze kwa maji mara mbili. Maji yenyewe yawe yaliyotoneshwa. Maji ya bomba ya maeneo mengi ya Arusha yana chumvi, na tone likikauka pembeni utaona fuwele nzuri ambazo si za uyoga. Yale ya kuongezea betri ya gari yanafaa, lakini soma chupa vizuri, kwa sababu duka lilelile huuza na asidi.

Dalili: sistidia hazionekani

Sistidia ni seli tasa zinazochomoza katikati ya zile za spora. Zilizo kwenye ukingo wa tamvua mara nyingi ndizo zinazoamua jenasi, na watu hukosa kuziona kwa sababu ya mkato.

Fanya hivi. Ng'oa tamvua moja nzima kwa koleo ndogo. Ilaze kwenye slaidi. Chukua wembe mpya, weka karibu kabisa na ukingo huru, ule uliokuwa unatazama chini, na ukate utepe mwembamba kama uzi wa kushonea. Utepe huo ndio unaoutaka. Kilichobaki kiweke pembeni kwa ajili ya uso wa tamvua. Tia tone la rangi nyekundu ya Kongo iliyochanganywa na amonia, ngoja dakika moja, futa kwa pembe ya tishu, tia tone la maji, funika. Anza na lenzi ya 10 ukifuata ukingo kama unavyofuata ukingo wa barabara. Sehemu zisizochomoza kitu ziruke. Ukiona manyoya-manyoya, simama, nenda 40.

Za Conocybe utazijua mara moja: tumbo nene, shingo nyembamba, na kichwa cha mviringo juu, kama kibuyu chenye kifuniko. Za Chlorophyllum ni kama rungu, bila mbwembwe.

Ukikosa, jiulize kama uyoga umezeeka, maana kwenye uyoga wa siku tatu zilizojaa mvua seli hizi huanguka na kunata. Tafuta mchanga zaidi. Baada ya kukata tepe tatu kutoka matamvua matatu na bado hakuna, hapo una haki ya kuandika kwamba hazipo. Kutokuwapo ni jibu. Agaricus campestris, kwa mfano, hana za maana kwenye ukingo. Lakini ni jibu linalotaka ushahidi zaidi kuliko kuwapo.

Ngozi ya kofia ina shida inayofanana. Ukiichuna na kuilaza bapa, kila kitu kinaonekana nyuzi. Kata wima, kama unavyokata keki kuona tabaka zake. Kama juu kuna seli za mviringo zilizosimama kama mawe ya barabara, uko upande wa Panaeolus, Agrocybe na Conocybe. Kama ni nyuzi zilizolala, uko kwingine.

Dalili: spora za aina mbili kwenye slaidi moja

Kikapu kilichanganyika. Uyoga wa juu ulimwagia wa chini. Au slaidi haikuoshwa. Au uyoga umeingiwa na ukungu, na unachokiona ni spora za ukungu: ndogo mno, sawasawa, mara nyingi kwenye minyororo. Chavua za nyasi nazo huingia, ila ni kubwa kupita kiasi, maikroni 25 na zaidi. Spora za uyoga wako ni zile unazozikuta zikiwa bado zimekaa nne nne juu ya seli zake.

Dalili: kila kitu ni sawa na ufunguo bado unagoma

Sasa ndio unaweza kuulaumu ufunguo. Mwingi unaopatikana mtandaoni umeandikwa kwa uyoga wa Ulaya au Marekani Kaskazini, na ufunguo hauwezi kukupa jina ambalo halimo ndani yake. Utakupa jirani wa karibu kwa uso mkavu. Kwa Afrika Mashariki, kazi kubwa ya uyoga wenye matamvua bado ni ile ya David Pegler iliyotolewa na bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, mwaka 1977. Itumie, ila majina yamehama tangu hapo. Volvopluteus, kwa mfano, ilitengwa kuwa jenasi mwaka 2011. Kwenye funguo za zamani itafute chini ya Volvariella.

Unapopita kwenye ufunguo, weka alama ya kuuliza kando ya kila jibu ulilobahatisha. Ukikwama, usirudi mwanzo. Rudi kwenye alama ya mwisho na upite tawi la pili. Mara nyingi tawi moja litakuingiza kwenye upuuzi ndani ya hatua mbili, na lingine litaendelea kuelezea kitu kilicho mbele yako.

Na ukifika jenasi ukashindwa spishi, simama hapo. Kausha uyoga kwa joto la chini, digrii 40 hivi, juu ya wavu wa chandarua wenye hewa, mpaka uvunjike kama biskuti. Utie kwenye bahasha ya karatasi pamoja na chapa yake, tarehe, mahali, na ulikuwa umeota juu ya nini. Uyoga uliokaushwa vizuri hupimika baada ya miaka, kwa hadubini na kwa vinasaba pia.

Ninayo bahasha moja hivyo. Imeandikwa kwa penseli: "Panaeolus, kinyesi cha ng'ombe, karibu na zizi, Kisongo. Spora 30 zimepimwa. Sistidia za ukingo: haikupimika, kofia moja tu na imezeeka." Mwenye zizi ameniambia huota kila vuli, mvua ya pili au ya tatu ikishapita, na kwamba safari hii nije asubuhi kabla ng'ombe hawajatoka.